Nilivyoelewa mpangilio wa kalkulasi katika sekondari za Marekani

Binti yangu alikuwa darasa la 11, hapa Ohio, alipoleta fomu ya kuchagua masomo ya mwaka wa mwisho. Upande wa hisabati palikuwa na visanduku viwili vya kalkulasi: AP Calculus AB na AP Calculus BC. AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari. Kwa sisi tuliosoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) Tanzania, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini yeye alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Akichukua AB, hiyo BC ataisoma lini?

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. College Board, wenye mitihani ya AP, huweka hadharani maswali ya miaka iliyopita. Nikachapa yale ya 2023 ya kukokotoa kwa kuonyesha njia, AB na BC, nikayatandaza mezani. Kila mtihani una maswali sita ya aina hiyo, na matatu ni yale yale kwa AB na BC. Mojawapo linahusu chupa ya maziwa iliyotolewa kwenye friji ikiwa na nyuzi 5 na kuwekwa katika sufuria ya maji ya moto. Kasi ya kupanda joto kwa dakika ni robo ya tofauti kati ya 40 na joto la maziwa, kwa hiyo mwanzoni ni nyuzi 8.75. Hesabu za namna hiyo tulizisota sana kule nyumbani.

Hapo ndipo mpangilio uliponikaa sawa. BC haianzii AB inapoishia. Imeibeba AB yote, kisha inaongeza. AB ni kama muhula mmoja wa kalkulasi ya chuo, BC ni miwili. Mada kuu za AB ni nane, za BC ni kumi, na nyongeza yake kubwa ni mfululizo usio na kikomo. Anayefanya mtihani wa BC hupewa pia alama ya peke yake kwa sehemu ya AB, na haruhusiwi kufanya mitihani yote miwili mwaka mmoja. Shule nyingine huwapitisha watoto AB kwanza, nyingine huwapeleka BC moja kwa moja kutoka Prikalkulasi, somo linalotangulia kalkulasi. Huo ni utaratibu wa shule yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa mwendo, maana BC inakimbia. Tulijaribu mfululizo kidogo nyumbani. Moja, jumlisha nusu, robo, thumni, na kuendelea, inakaribia 2 na haivuki. Kisha nikamwandikia moja, nusu, theluthi, robo, moja ya tano.

"Mama, namba si zinazidi kupungua? Hii nayo itafika mahali itakoma."

Nikamwambia azifunge mafungu. Theluthi na robo zinazidi nusu. Kuanzia moja ya tano hadi moja ya nane, zinazidi nusu tena. Akaendelea mwenyewe hadi moja ya kumi na sita, akanyamaza, kisha akasema haitakoma kamwe. Nilifurahi mno. Mwalimu wake wa Prikalkulasi naye alimwona yuko tayari, basi binti akajaza BC.

Mzazi mwenye mtoto mdogo ndiye ninayetaka anisikie zaidi, kwa sababu uamuzi huu unaanza mapema kuliko fomu hiyo. Njia ya kawaida ni Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Prikalkulasi, ndipo kalkulasi. Anayeanza Aljebra 1 darasa la 9 anamaliza sekondari akiwa Prikalkulasi. Akianza darasa la 8, anapata mwaka mmoja wa kalkulasi. Zipo njia za kufidia, kama kusoma Jiometri na Aljebra 2 mwaka mmoja au kusoma likizo, ila si kila shule inaruhusu. Muulizeni mshauri wa masomo mtoto akiwa darasa la 6, na muulize pia vyuo mnavyovitazamia vinakubali alama gani ya AP, kati ya 1 na 5, ili mtoto asirudie kalkulasi chuoni: vingine vinataka 5, vingine vinapokea 4 au hata 3, na vingine vinatoa nafuu zaidi kwa BC kuliko AB.