Kreti mbili za Milo

Oktoba 2021 nilikuwa mwanafunzi Catania, mji wa Sicily huko Italia, pochi imekauka, nikapata kibarua cha kuchuma zabibu Milo, kijiji kilicho ubavuni mwa mlima wa volkano wa Etna, upande wa mashariki. Mimi ni mtoto wa Marangu. Nilipouona ule udongo mweusi na kuta za mawe ya volkano zilizopangwa bila saruji, nikajiona niko kihambani kwetu. Ila mlima wetu, Kilimanjaro, umelala. Wa kwao mwaka ule ulikuwa macho, kila mara unatema, na watu wanafagia majivu kwenye mapaa kama sisi tunavyofagia majani ya uani.

Shamba lilikuwa la familia moja, limepanda mlima kwa matuta. Mizabibu mingi haikutambaa kwenye waya. Kila mmoja ulisimama peke yake kama kichaka, umefungwa kwenye kigingi. Zabibu zenyewe, nyeupe, zinaitwa Carricante. Waliniambia jina hilo linatokana na kubebesha mzigo, kwa jinsi mti unavyozaa. Hadi kufika saa nne asubuhi mgongo wangu ulikuwa umeshalielewa.

Mlima ulikuwa umemwaga tena. Majivu yale si ya jikoni: ni mchanga mweusi, ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Ulikuwa umejipenyeza katikati ya punje. Nami kwa usafi niliofunzwa nyumbani, nikabeba kreti mbili hadi bombani, nikaziosha mpaka zikameta. Nikazipeleka kwenye kikamulio huku nikijisifu moyoni.

Bibi wa nyumba, ambaye sote tulimwita Nonna, yaani nyanya kwa Kiitaliano, alichomeka kidole ndani ya kichala. Kikatoka kinachuruzika.

"Nani kaosha?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Mwanangu, sisi tunauza mvinyo. Maji wanayo wenyewe majumbani."

Kumbe kichala hukung'utwa tu. Maji yakibaki humo yanaingia kwenye juisi na kuizimua. Mchanga si tatizo kubwa: juisi ya mvinyo mweupe huachwa itulie kwanza kabla ya kuchachuka, uchafu unazama, ya juu inahamishiwa pipa jingine. Nitajuaje? Kwetu mbege bila maji haipikiki. Ndizi zinachemshwa, uji wa ulezi unafuata. Nilidhani pombe ni pombe.

Kreti zangu hazikuingia kikamulioni. Mchana Nonna alizimimina kwenye beseni, akaliweka katikati ya meza pamoja na mkate na jibini, akanisogezea mimi kwanza, huku wanawe wakijizuia kucheka. Zilikuwa na uchachu wa kukunja uso. Nikatafuna, nikasikia krr, krr menoni.

Hata kuosha kwenyewe sikuwa nimeosha vizuri.