Dar ya waenda kwa miguu, jamani hebu tuongee

Ukitaka kuijua Dar shuka kwenye gari utembee. Ndani ya gari unaona foleni basi, ila anza kukata kwa mguu kutoka Kariakoo uende Mnazi Mmoja ndo utajua nani alifikiriwa na nani alisahaulika.

Mwendokasi, haya mabasi yenye njia yao wenyewe, ilipoanza Mei 2016, ile awamu ya kwanza ya kama kilomita 21, kila mtu alikuwa anashangilia mabasi. Mimi nilichopenda ni pembeni huku: njia pana ya miguu kando ya Morogoro Road, na vituo ambavyo sakafu yake inalingana na ya basi, kwa hiyo mwenye kiti mwendo anaingia mwenyewe, habebwi mzobemzobe kama gunia la viazi. 2018 jiji likapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri, tukavimba kweli.

Sasa pita leo jioni. Nimemwona baba mmoja na kiti mwendo chake amefika pale pa kuteremkia, kale kamteremko kadogo ka zege, kumbe kuna bodaboda imepakiwa katikati na mwenyewe anakula mahindi, basi baba wa watu akarudi nyuma akashukia kwengine, akaingia barabarani kabisa kwenye daladala. Na boda wengine wanapanda juu ya njia wanakupigia honi uwapishe, yaani wewe ndo umekosea!

Njia zikizibwa watu wanawalaumu wamachinga tu, hawa wanaouza pembeni ya barabara. Oktoba 2021 si waliondolewa, njia zikawa nyeupe peee, halafu? Wakarudi mdogo mdogo, maana mteja yupo wanakopita watu, hayupo huko ndani walikopelekwa. Mi naona wachorewe mstari, meza zikae upande mmoja, sehemu ya kupita ibaki wazi, na atakayevuka mstari apigwe faini, awe machinga awe mwenye V8.

Kigali walifunga mtaa mmoja wa katikati ya mji 2015, magari marufuku. Mwanzoni ukapooza na wenye maduka wakalalamika, kwa sababu kufukuza magari tu hakumleti mtu. Baadaye wakaweka viti, vibanda, sehemu za watoto kucheza, ndo watu wakaanza kwenda kukaa.

Sisi hata kivuli hatuna. Wala choo! Mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, jua la saa nane, anajisaidia wapi huyo? Kwenye michoro ya barabara hilo huwa halipo, wanahesabu magari.

Halafu kuna ile ya njia nane, Kimara mpaka Kibaha. Gari inateleza safi, sikatai. Ila nyie wa Mbezi na Kibamba, bibi zenu wanavukaje pale?