Kocha wangu haniambii cha kufanya

Watu wananiuliza, hivi kweli unamlipa mtu hela akwambie ulale mapema? Jamani kulala mapema hata bibi anakwambia bure. Huyu dada, kocha wangu wa kujenga tabia, haniambii kitu, kazi yake kuuliza tu, na hapo ndo hela yangu inapoenda.

Nilimwendea nataka kuanza kukimbia, nishapanga kabisa kilomita tano kila alfajiri. Akaniuliza ukiamka unashika nini kwanza? Simu. Inalala wapi? Kwenye chaja, pembeni ya mto. Je, wiki hii ukiacha kwanza kilomita zako, ukapeleka chaja sebuleni na raba ukaziweka hapo hapo chini yake, itakuwaje? Yani hiyo tu! Nikaona huyu ananichezea, ila alamu ikilia lazima uinuke uifate, ukishaizima umesimama kabisa macho kodo na raba ziko miguuni, kurudi kitandani unaona aibu mwenyewe unatoka tu. Jioni ananitumia meseji "umetoka?" najibu ndio au hapana, ukianza stori za mvua anakwambia sawa, kesho umepangaje.

Na ile wanayosema tabia mpya inazoeleka kwa siku 21, alinicheka. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL kule London, ulichapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, idadi ya kati ya kuzoea ikawa siku 66 lakini kuna aliyezoea kwa 18 na kuna waliyemkadiria 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu, hapo ndo nilipumua maana mie nikikosa Jumatatu wiki nzima huwa naitupa.

Wengine watasema kocha ni wa wasiojiweza. Haya, Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya, alikimbia umbali wa marathoni kule Vienna 2019 kwa 1:59:40, na nyuma yake alikuwepo kocha wake Patrick Sang tangu ujana wake, na Kipchoge mwenyewe mazoezi yake anayaandika kwenye daftari.

Ila angalieni, mjini makocha wamejaa, mwingine anakuja na suti na hotuba, unatoka ukumbini umepandwa na mzuka kesho yake umeshasahau. Akiongea kuliko wewe, kimbia. Kama hela hamna tafuta shoga au jirani asiyeona haya kukuuliza kila siku, inatosha kabisa.

Saizi tumehamia kwenye akiba. Swali lake la kwanza: mshahara ukiingia nani anajua kabla hujaugusa? Nikacheka, maana ni mdogo wangu.