Kuishi Berlin Bila Konda

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, akazoea kupanda daladala bila kuwaza lolote kwa kuwa konda ndiye anayetangaza njia, anayedai nauli, anayerudisha chenji na anayegonga bati ili dereva asimame, akihamia Berlin hukuta kazi zote hizo zimekuwa zake mwenyewe. Stesheni hazina mageti wala hakuna anayeuliza tiketi mlangoni, hata mgeni anaweza kudhani kwamba usafiri ni wa bure.

Si wa bure. Tiketi ya karatasi inayohitaji muhuri haina thamani mpaka uipitishe katika kisanduku cha kugongea kabla ya kupanda treni. Ukikutwa nayo mfukoni haijagongwa, unahesabiwa sawa na asiyelipa, na faini ni euro 60. Wakaguzi wengi huvaa nguo za kawaida, kiasi kwamba kijana aliyesimama karibu nawe na begi lake mgongoni husubiri milango ifungwe ndipo atoe kitambulisho na kuanza kukagua. Kujitetea kwamba wewe ni mgeni hakusaidii kitu.

Kanda za nauli nazo zinataka umakini. Kanda A imo ndani ya reli ya mzunguko, B inafika mpaka wa jiji, na C iko nje yake, ambako ndiko ulipo uwanja wa ndege. Kwa hiyo tiketi ya AB, inayotosha kwa shughuli za kila siku, haitoshi kwa anayekwenda kumpokea ndugu uwanjani. Kwenye reli hiyo ya mzunguko, treni ya S41 inafuata mwelekeo wa mishale ya saa na S42 inakwenda kinyume chake, na anayetafuta jina la mwisho wa gari ili ajue apande ipi atatafuta sana, maana kwa kawaida zinazunguka tu.

Ninachokikosa hasa ni kufaulishwa. Daladala ikiharibika njiani, konda huwatafutia abiria gari jingine na kumalizana na mwenzake kuhusu nauli, ilhali huku njia ikifungwa kwa matengenezo hutolewa tangazo la Kijerumani, kisha kila mmoja anatafuta mwenyewe kituo cha basi la mbadala.

Kwa mkazi, nafuu kubwa ni Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na wa mikoani kwa Ujerumani nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Watu wanalalamikia bei, nami ni mmoja wao, lakini tiketi hiyo hiyo ya kwendea kazini inakufikisha hadi Rostock, karibu na bahari, kwa treni ya mkoa, siku ya Jumapili ambapo maduka mengi yamefungwa. Treni za kasi za ICE hazimo. Kwa kuwa mkataba wake unajirefusha wenyewe, anayetaka kurudi nyumbani likizo ndefu inampasa ausitishe kabla tarehe 10 ya mwezi haijapita, la sivyo atakatwa pesa za mwezi unaofuata pia.