Siku tuliyoambiwa kansa ya kaka imerudi

Kaka yangu alifanyiwa opresheni ya ini, uvimbe ukatolewa, akapona vizuri tu. Tuliambiwa ini likikatwa linaota tena basi sisi tukalishika hilo, kaka akarudi dukani kwake Kariakoo, akanenepa, akawa anabishana mpira na watu kama zamani.

Kilichoanza ni kikohozi, kikavu, hakiishi, tukasema ni vumbi la mjini. Ilipofika zamu ya kliniki kile kipimo cha damu cha AFP, kinachofuatilia kansa ya ini, ambacho baada ya opresheni kilishuka kabisa kikakutwa kimepanda sana, akaandikiwa siti skani ya tumbo na kifua.

Majibu tuliingia mimi, kaka na wifi. Daktari akatugeuzia kompyuta. Kwenye ini kulikuwa na vinundu vipya, tena sio pale walipokata, upande mwingine kabisa, halafu akapandisha picha mpaka kwenye mapafu, madoa meupe ya duara, pande zote mbili. Kaka akapandisha shati akaonyesha kovu, "sasa dokta hapa mlitoa nini?" Hakuwa na hasira, alitaka kujua kweli. Daktari akasogeza kiti, akamwambia uvimbe ule ulitoka wote ila chembe zake zinaweza kuwa zilishaingia kwenye mishipa ya damu kabla ya kisu, na damu ikitoka kwenye ini inapita moyoni inaenda mapafuni. Tena ini lililobaki bado lilikuwa na virusi vya homa ya ini B na makovu ya miaka mingi, kwa hiyo kansa nyingine inaota humohumo. Wengi waliokatwa inawarudia ndani ya miaka 5, alisema. Kukata tena hapana, kuna vidonge vya kuipunguza kasi tu. Wifi akauliza bei kwanza ndo akalia, namheshimu mno yule dada.

Tukiwa tunanyanyuka daktari akauliza nyumbani nani mwingine kapima homa ya ini. Hakuna. Kaka mwenyewe akasema wapelekwe wote. Mama akakutwa nayo, na mdogo wetu wa mwisho, wanawe kaka wako salama maana wamezaliwa baada ya 2002, chanjo ilishaanza kutolewa kwa watoto wachanga. Mdogo wetu anameza tenofovir, dawa ya kutuliza hivyo virusi, kila siku na utrasaundi kila miezi 6, na kaka mpaka anafariki alikuwa anampigia simu kumuuliza kama kameza.