Mita Hamsini za Nachingwea

"Babu, huyu Bayi alikuwa na rekodi ya dunia, mbona hana dhahabu ya Olimpiki?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo Septemba 2025, siku Alphonce Simbu alipompiku Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wa marathoni ya dunia kule Tokyo. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Tuliirudia video ile mpaka bando likakata. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha! Nilipiga kelele hata majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mtoto akataka kujua waliotangulia ni kina nani, nikamtajia Akhwari, Shahanga, Ikangaa, Nyambui. Nilipofika kwa Filbert Bayi ndipo swali likaja. Nikamjibu kwamba Olimpiki ya mwaka 1976, kule Montreal, Kanada, hatukwenda. "Kwa nini?" Hapo nikawaona baba na mjomba, kila mmoja upande wake wa uwanja.

Mjomba alipoteza mguu wa kushoto kwa bomu la kutegwa ardhini, karibu na Ruvuma, enzi Mreno yuko ng'ambo. Baada ya hapo akaja kukaa kwetu Nachingwea, kwa dada yake. Vita vile sisi hatukuvisoma vitabuni. Wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa wakimpiga Mreno kuikomboa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Farm 17, malori yao tulikua tukiyaona, na walipoondoka baada ya Msumbiji kupata uhuru, Juni 1975, mji ulipwaya. Neno ukombozi nyumbani kwetu lilikuwa na sura za watu tuliowajua.

Na mjomba alipenda riadha kuliko mpira. Mbio za Christchurch alizisimulia kama aliyekuwapo: tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1,500. Wakati ule wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa wanaviziana, wanatembea na kundi, wanasubiri kengele ya mzunguko wa mwisho. Bayi hakusubiri. Alichomoka tangu mwanzo, akawaacha nyuma mita nyingi, akawa kama anakimbia peke yake. John Walker wa New Zealand, akishangiliwa na watu wa kwao, akamfuata mpaka karibu kabisa na utepe, na hakumpata. Bayi 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker naye, wa pili, alikuwa ameivunja ile ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, dakika 3:51, na kabla miezi mitatu haijaisha Walker akamnyang'anya kwa 3:49.4. Basi dunia nzima ilikuwa inasubiri Montreal, wawili hawa wakutane tena.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alituchorea ubaoni mzunguko mzima. Mjomba akawa anaanika betri za redio juani tangu Juni, zisije zikaishiwa nguvu siku yenyewe.

Kilichotokea kinajulikana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa Makaburu, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Montreal. Wakubwa wa Olimpiki wakakataa, wakisema raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya ishirini zikasusia, Tanzania ikiwemo. Baba alipolisikia tangazo hilo redioni alisema ndivyo inavyopasa. Mjomba alizima redio akaenda kulala, na ilikuwa bado mapema.

Siku ninayoikumbuka hasa ni Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1976. Fainali ya mita 1,500 ilikimbiwa Jumamosi kwa saa za kule, sisi tukaipata asubuhi katika taarifa ya habari. Walker ameshinda, muda wake dakika 3 na sekunde 39. Mjomba, aliyekuwa ameapa hatasikiliza, alikuwa ameketi kibarazani sikio liko dirishani. Akauliza, "Tatu thelathini na ngapi?" Baba akarudia. Mjomba akachukua gongo lake akasimama.

"Shemeji, wewe ni mtu wa hesabu. Sekunde saba ni mita ngapi?"

Baba akachukua kijiti akaandika kwenye mchanga. Mita 1,500 kwa sekunde 212 za Bayi, inakuja kama mita saba kila sekunde. Saba mara saba, arobaini na tisa. "Karibu hamsini," akasema.

"Nataka kuziona."

Tukaondoka watatu kwenda uwanja wa shule. Kusi lilikuwa linavuma, mikorosho ya pembeni imechanua, na uwanja mtupu kwa sababu ni Jumapili. Mjomba akanisimamisha mwisho wa uwanja penye mstari wa majivu uliobaki tangu michezo ya wilaya. "Mjomba, wewe ndiye Bayi. Kifua mbele. Usitikisike." Nikatoa kifua. Baba akaanza kupima kwa hatua zake ndefu za kialimu, anahesabu kwa sauti, na mjomba nyuma yake, gongo, mguu, gongo, mguu. Walipofika hamsini baba akakanyaga chini kuweka alama. Mjomba akasimama juu ya alama ile akageuka kunitazama.

Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mita hamsini ni mbali vile. Uso wa mjomba sikuuona vizuri. Niliona gongo, niliona shati lake linapepea, na suruali upande mmoja imekunjwa. Akakaa vile kitambo. Baba alikuwa ameanza kurudi kwangu, akafika katikati, ndipo mjomba akapaza sauti:

"Shemeji! Wale wa Farm 17 tuliwaambia wasipigane?"

Baba akageuka. "Hapana!"

"Tuliwapa nini?"

"Unajua tulichowapa!"

"Tuliwapa bunduki! Na bunduki ya huyu kijana ni miguu! Angepewa ruhusa aende akawapige mbele ya dunia nzima!"

Baba akajibu naye kwa sauti kubwa, maana upepo ulikuwa unachukua maneno. Alisema Walker si Kaburu, kumpiga Walker hakumwondolei mtu yeyote pingu kule Pretoria. Alisema dunia haisikii mwenye njaa akija mezani, inamsikia akikataa kukaa. Alisema pia, na hili lilimuuma mjomba, kwamba zile mita hamsini si za kweli: Walker alikimbia polepole kwa kuwa hakuwa na wa kumkimbiza, na angekuwapo Bayi naye angekimbia vingine, kama Christchurch, ambako hawakuachana hata nusu sekunde.

"Basi tungeona!" mjomba akapiga kelele. "Hilo tu! Tungeona!"

Mimi nilikuwa bado nimetoa kifua. Hakuna aliyeniambia nipumzike, nami nilihisi nikilegea tu Bayi ameshindwa.

Sijui walimalizaje. Nakumbuka tulirudi, mama akatupa uji, na wiki ile ikapita kama wiki nyingine. Lakini maneno yale nimeishi nayo. Nikifikiria mambo yalivyokwenda, naona baba alikuwa na haki. Mwaka uliofuata tu, 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kule Gleneagles, Scotland, kuzuia nchi zao zisicheze na Afrika Kusini. Timu ya Afrika Kusini ilipokwenda New Zealand mwaka 1981, wenyeji wenyewe walijaa barabarani na viwanjani kuipinga. Kususa kulifanya kazi ambayo medali moja isingeifanya. Nalisema hili bila kigugumizi, na mjukuu wangu nilimwambia hivyo hivyo.

Halafu namkumbuka mjomba juu ya ile alama. Yeye ndiye aliyekuwa amelipa kwa mwili wake, si baba, si mimi. Na mkimbiaji hapewi miaka mingi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria mwaka ule na huenda asingekuwa katika nguvu zake. Sikufurahi kulisoma. Lilinipunguzia uchungu bila kunijibu chochote, na tangu hapo kila nikitaka kukubaliana na mmoja wao namsikia mwenzake akiniita kutoka upande wa pili.

Miaka minne baadaye, tarehe ile ile ya fainali ya Montreal, 31 Julai, tulikuwa tena mbele ya redio, sasa mwaka 1980, Moscow. Safari hii Marekani na Kenya ndio waliosusia, sisi tumekwenda. Bayi alikuwa amehamia mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000. Akakimbia kama Bayi, mbele tangu mapema, pengo kubwa, na mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Fedha. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Tanzania. Mama alipiga vigelegele. Baba alikaa kimya, kisha akasema, kama anayejisemea, "Montreal alikuwa na miaka 23."

Nilimtazama mjomba, nikidhani sasa atakumbushia hesabu zake. Hakukumbushia.

"Shemeji, ya Montreal tuyaache," alisema, anazitoa betri kwenye redio. "Niwekee hizi juani asubuhi. Kesho kuna Nyambui."