Nilivyoacha kuandika msimbo uleule wa asembla mara nne

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kujumlisha namba mbili za biti 256. Kwa asembla, yaani lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe, prosesa ya x86-64 inaikata namba vipande vinne vya biti 64, kisha ni `add` (jumlisha) moja na `adc` tatu, maana `adc` inabeba ile moja ya akilini kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Balaa lilikuwa kwamba maktaba yetu ilitakiwa ifanye kazi Linux, macOS na Windows, na huko Windows wenzangu wamegawanyika, wengine NASM, wengine MASM, programu mbili za kugeuza asembla kuwa msimbo wa mashine, kila moja na uandishi wake. Nikawa na mafaili manne ya hesabu ileile. Nikirekebisha la kwanza, nasahau la tatu.

Kuleta namba kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye rejista (vijisanduku vya ndani ya prosesa, kama `rax` na `rsi`), asembla ya GNU, ya Linux, inataka `movq 8(%rsi), %rax`, chanzo kikitangulia. NASM inageuza: `mov rax, qword [rsi+8]`. MASM, ukitaja ukubwa, inataka `qword ptr`. macOS inafuata mtindo wa Linux, ila jina la funksheni inayoitwa kutoka C lianze na mstari wa chini.

Nikajidai mjanja: nikaandika skripti ya kubadilisha maandishi tu. Kata mstari penye mkato, pindua vipande, ondoa alama za asilimia. Ilikwenda vizuri hadi ilipokutana na `movq (%rsi,%rcx,8), %rax`. Mkato umo hata ndani ya mabano! Skripti ikatoa vipande vinne badala ya viwili. Nikaweka kiraka, kisha kiraka juu ya kiraka, mwishowe nikaifuta yote.

Safari ya pili nilianza kwa kusoma walivyofanya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Kwa miaka mingi msimbo wao wa asembla umekuwa ukizalishwa na skripti za Perl, nyingi za mkono wa Andy Polyakov. Unaitaja aina unayotaka, `elf`, `macosx`, `nasm` au `masm`, nayo inakutolea. Mimi Perl hainiingii, nikatumia Python. Kila agizo nalihifadhi kama data: jina lake, rejista zake, anwani yake. Maandishi yanakuja mwisho kabisa, na kila asembla ina kichapishi chake kifupi. Mzunguko wa vipande vinne unaishia ndani ya Python. Kwenye asembla maagizo yanapangwa moja baada ya jingine, kwa sababu `cmp` (linganisha) ya kuhesabu mizunguko ingeifuta ile moja ya akilini.

Nikadhani nimemaliza. Siku mbili baadaye mwenzangu wa Windows akaniandikia: "Kaka, jibu liko sahihi, lakini programu yangu inaanguka mbele ya safari."

Kwenye Linux, funksheni hupokea vigezo, yaani namba inazopewa, kwenye rejista `rdi`, `rsi`, `rdx`. Windows kwenye `rcx`, `rdx`, `r8`. Hilo nililijua, nikavihamisha. Nilichosahau ni kwamba Windows inazihesabu `rdi` na `rsi` kuwa mali ya aliyekuita: ukiazima, urudishe kama ulivyozikuta. Mimi nilikuwa nazivuruga na kuondoka. Sasa kichapishi cha Windows kinaanza kila funksheni ya vigezo vitatu hivi:

mov [rsp+8], rdi
mov [rsp+16], rsi
mov rdi, rcx
mov rsi, rdx
mov rdx, r8

Kabla ya `ret`, agizo la kurudi kwa aliyeita, `rdi` na `rsi` zinarudishwa. Nafasi hiyo ya `[rsp+8]` kwenye steki, sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhi kwa muda, si ya wizi, Windows yenyewe inamwachia anayeitwa baiti 32 juu ya anwani ya kurudi. Na usibadilishe mpangilio: ukitanguliza `mov rdx, r8`, kigezo cha pili kimekwenda na maji.

Jioni nzima nyingine niliipoteza nikilinganisha baiti. `mov rdi, rcx` ya NASM ilitoka `48 89 cf`, ya MASM `48 8b f9`. Nikaanza kumtafuta mchawi, kumbe prosesa ina njia mbili za kuandika agizo hilo na zote ni halali.

Tangu hapo nalinganisha majibu, na mwamuzi ni Python, ambayo haina shida na namba kubwa. Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni 2^256 − 1 kujumlisha 1: vipande vyote vinne viwe sifuri, na moja ibaki akilini.